Aliyejaliwa Umri Aishije?

Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi, wazee wangu mliokaa karibu na redio, na nimependa yafanyike mkiwa mnasikia. Mara nyingi habari za mzee hujadiliwa akiwa amelala, au akiwa amekaa pembeni na sahani yake, na uamuzi humfikia ukiwa umeshapitishwa.

Sisi ni watu wa kuombeana umri. Mjukuu akimpelekea bibi kipande cha sabuni anajibiwa: Mungu akupe maisha marefu. Mgeni akiaga, bwana harusi akishika mkono wa bibi harusi, mtoto akipewa jina, dua ni hiyo hiyo. Na dua hiyo imejibiwa kuliko tunavyokiri. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa Tanganyika alitarajiwa kuishi karibu miaka 44. Anayezaliwa leo anatarajiwa kufika karibu 67. Hesabu hiyo isitudanganye. Haina maana kwamba zamani watu walikufa wote wakiwa na miaka 44. Wazee wenye mvi walikuwepo, na wengine walizeeka sana. Kilichoshusha wastani ni makaburi ya watoto. Surua ilipita ikaondoka na watoto wa mji mzima, malaria ikachukua waliobaki, na wanawake wakafia kwenye uzazi. Chanjo, chandarua chenye dawa, maji yaliyo salama kidogo kuliko ya zamani, na baadaye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, vimefanya watu wengi zaidi wavuke ng'ambo ya pili.

Sasa wako ng'ambo. Wanaishije huko?

Shirika la Afya Duniani lina hesabu mbili. Ya kwanza ni miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi. Ya pili ni miaka atakayoishi akiwa na afya, macho yakiona na miguu ikimbeba. Mwaka 2019, kwa dunia nzima, ya kwanza ilikuwa takriban 73, ya pili ilikuwa 63 na ushee. Kati ya hizo mbili kuna karibu miaka kumi ya kuishi huku mwili ukidai. Umoja wa Mataifa uliona pengo hilo ni kubwa kiasi cha kutenga muongo mzima, 2021 hadi 2030, kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya. Ni jambo jema. Lakini kwa sisi wa Usukumani, kabla ya kuuliza mzee ataishi miaka mingapi na kama atakuwa na afya, kuna swali linalotangulia, na nitaliuliza bila kuzunguka: mzee wetu, hasa bibi, anaruhusiwa kuzeeka?

Ninasema hivyo kwa sababu hapa kwetu umri mrefu wenyewe umewahi kuwa ushahidi wa mashtaka. Bibi anazika mume. Baada ya miaka anazika mtoto wake mkubwa, kisha mkwe, kisha mjukuu aliyeungua homa siku tatu. Yeye anabaki. Mtu mmoja mwenye uchungu anauliza: kwa nini kifo kinamruka huyu? Swali hilo likishatoka mdomoni halirudi. Linakwenda kwa mpiga ramli, linarudi na jina. Mtu yule yule tuliyemwombea maisha marefu, siku aliyopewa, tukamgeuzia macho.

Hizi si hadithi za kutishia watoto. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya kazi kubwa ya kukusanya takwimu hizi. Kati ya mwaka 1970 na 1984, Tanzania Bara, watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Kwa hiyo takwimu zile ni zetu. Mwaka 2013, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 waliouawa nchini kwa tuhuma hizo ndani ya mwaka mmoja. Taarifa za miaka iliyofuata zinaonyesha idadi ikipungua, na wanaostahili shukrani kwa hilo nitawataja.

Kuna jambo la historia ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga kuhusiana na wimbi la mauaji. Watu wengi walikamatwa, wakateswa wakiwa kizuizini, na baadhi wakafa mikononi mwa walioapa kulinda sheria. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa sababu ya mambo yale, ingawa si yeye aliyeshika fimbo. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Baadaye akawa Rais wa awamu ya pili, kuanzia 1985 hadi 1995, na alipofariki Februari 29, 2024, alikuwa na miaka 98. Watanzania walimwona akizeeka mbele ya macho yao: anafanya mazoezi ya kutembea, anahudhuria sherehe, na mwaka 2021, siku aliyotimiza miaka 96, kitabu cha maisha yake kinazinduliwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kifo kinamruka. Watu walimuuliza siri yake ni nini, wapate kuiga. Mimi nafikiri sana juu ya hilo. Miaka 98 ya mzee yule ilikuwa fahari ya taifa. Bibi wa kwetu Binza mwenye miaka 78 na macho mekundu anaanza kuchagua njia ya kupita akienda kisimani.

Macho mekundu, yanayohesabiwa alama ya uchawi. Tukae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye chanzo cha dhuluma yenyewe.

Ingia jikoni kwa bibi wa kwetu saa kumi na mbili jioni. Mlango ni mfupi, unainama kuingia. Dirisha hakuna, au lipo tundu la ukubwa wa kiganja chini ya paa. Mafiga matatu yamekaa katikati, ukutani masizi meusi yanayong'aa. Kuni zake ni miti ya pamba, ile iliyong'olewa shambani baada ya mavuno. Anayeijua miti ya pamba anajua tabia yake: inashika moto upesi na kuisha upesi. Huwezi kuiacha ukaenda kukaa nje kama unavyoacha gogo la mgunga likaendelea lenyewe. Lazima mpishi akae pale pale, auchochee moto kila baada ya muda mfupi, ukizimika ainame apulize, na kila anapopuliza moshi unamrudia usoni. Masika miti ikilowa, anatumia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake ni mzito zaidi, unakaa chumbani hadi usiku. Ugali wa mtama hausongwi kwa dakika tano. Weka saa moja na nusu jioni, saa nyingine asubuhi, zidisha kwa miaka hamsini.

Kwa nini hana kuni za maana? Kwa sababu miti ilikatwa. Enzi za wakoloni mapori ya Usukumani yalifyekwa kwa ukubwa wa kutisha ili kuangamiza mbung'o, halafu pamba ikahitaji mashamba, ng'ombe wakahitaji malisho. Serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI, mwaka 1986, na ngitili, yale malisho ya kuhifadhiwa, zikarudi sehemu nyingi. Lakini kwa bibi aliyeolewa miaka ya sitini, ngitili zilikuja macho yakiwa yameshaharibika. Ongeza vumbi la kiangazi. Ongeza vikope ambavyo havikutibiwa alipokuwa mtoto, kope zikajikunja kuelekea ndani, zinakwaruza mboni kila anapopepesa.

Basi hayo ndiyo macho yaliyowaua wanawake wa Kisukuma. Yamekuwa mekundu kwa kutupikia. Kila mwanamume aliyewahi kumnyooshea bibi kidole kwa sababu ya rangi ya macho yake alikula, mahali fulani, chakula kilichopikwa kwenye moshi ule ule.

Wenzetu wa pwani nao wana alama yao. Huko Kilifi, Kenya, kinachomponza mzee ni mvi. Wapo wazee wa Kigiriama waliopaka nywele rangi nyeusi ili waonekane wadogo, wapate kuishi. Na huko aliye hatarini zaidi ni babu kuliko bibi. Ilibidi pajengwe mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia vitisho, Kaya Godoma, na baadhi ya waliowatisha ni watoto wao wenyewe. Kwa nini mtoto amwinde baba yake? Wanaofuatilia kesi hizo wanasema mara nyingi chini ya neno uchawi kuna shamba. Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Ukichunguza tuhuma nyingi dhidi ya mjane, utakuta mahali fulani kuna ekari za tifutifu karibu na mto, au kuna ng'ombe, au kuna shemeji aliyekwisha kuahidi mtu sehemu ile.

Sheria nazo zimechangia. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo liliandika mila za urithi za makabila mengi ya Bara, halikumpa mjane sehemu ya urithi. Atunzwe na watoto au na ukoo wa mume. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, walioondolewa na ndugu wa waume zao, walilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikasita kuzifuta. Wajane hawakukata tamaa. Shauri lao lilifika hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilikiuka haki zao na irekebishe sheria zake. Ninawataja wanawake hao kwa heshima, ijapokuwa majina yao nayaacha. Walifika mbali kuliko wanasheria wengi, kwa sababu ya vyumba vichache na haki ya kuzeekea ndani yake.

Sasa wanaostahili shukrani. Jirani zetu wa Magu, shirika la MAPERECE, wakishirikiana na HelpAge International, walikaa na vijiji mwaka baada ya mwaka. Hawakuanza kwa kuwaambia watu hakuna uchawi; mjadala huo ungewachukua hadi leo. Walianza na jiko. Jiko banifu, lenye kula kuni kidogo na kutoa moshi kidogo. Wakasaidia kujenga nyumba za wazee ambao nyumba zao zilikuwa zinaanguka, wakafundisha watu wa kijiji kumsaidia mjane kisheria, wakahimiza wosia. Wakaongea na waganga, na sungusungu, na vikundi vya ngoma. Hilo la sungusungu lina uzito wake, maana jeshi lile la jadi lilipoanza miaka ya themanini mwanzoni lilisaidia kukomesha wezi wa ng'ombe, lakini sehemu nyingine liligeuka likawa la kuwafukuza wanawake vijijini kwa tuhuma za uchawi. Kumgeuza mlinzi awe mlinzi wa bibi ni kazi ya uvumilivu, na waliifanya.

Tuseme bibi yuko salama. Amelala usiku bila kusikiliza nyayo. Je, hapo tumemaliza? Mimi nasema ndiyo kwanza tumefika mlangoni.

Kuna maneno matatu yanayowanyima wazee wetu matibabu kuliko umaskini: ni uzee tu. Babu haoni, ni uzee tu. Bibi anakojoa mara kumi usiku, ni uzee tu, kumbe ni sukari. Babu anasimama nyuma ya ua kwa muda mrefu mkojo hautoki, anaona aibu kusema, kumbe ni tezi dume. Kichwa kinauma kila asubuhi, ni uzee, kumbe presha imepanda mwaka wa tatu huu. Meno yameisha, na nyumbani kwa kiangazi kizima kinachopikwa ni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Bibi anaimung'unya, inamshinda, anasema ameshiba. Anapungua. Tunasema anazeeka vibaya. Ana njaa tu, na michembe ile ile ingetwangwa ikapikwa uji wenye maziwa, angekula.

Na kuna maradhi ya kusahau, ambayo kwetu ndiyo ya hatari kuliko yote. Mzee anatoka usiku, anafikiri anakwenda kwa mama yake aliyefariki miaka sitini iliyopita. Anapotea. Alfajiri anakutwa kwenye boma la jirani, pengine nguo zimemwanguka, hajui amefikaje. Huko mjini daktari angelitaja jina la ugonjwa. Kijijini watu wanasema kaanguka akitoka kwenye kazi zake za usiku. Nawaomba sana, wasikilizaji, mkimkuta mzee katika hali hiyo, mfunikeni, mpeni maji, mrudisheni kwao, na muwaambie wanawe kwamba ni maradhi ya ubongo, yanampata mtu Dar es Salaam na London kama yanavyompata mtu wa kwetu Dutwa.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho unaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu unatibika. Kuna babu mmoja wa maeneo ya kwetu aliyekuwa akikaa chini ya mwembe, uso ameuelekeza barabarani. Mboni zote mbili zilikuwa na utando mweupe. Alikuwa anatambua watu kwa sauti ya baiskeli zao. Ukipita unasikia anakuita jina kabla hujasalimia, na watoto walimwona wa ajabu. Miaka ilipita hivyo. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua kama nusu saa, mgonjwa akiwa macho. Lenzi iliyochakaa inatolewa, inawekwa nyingine, kesho yake bandeji inafunguliwa. Kinachohitajika ni mtu wa kumshika mkono, nauli hadi Mwanza au siku ambayo madaktari wa macho wanakuja mkoani, na kulala siku mbili tatu. Hapakupatikana mtu wala nauli. Alipofariki, turubai zilikodiwa, jenereta ikaletwa, watoto wakatoka Geita, Katavi na Ifakara, michango ikaandikwa daftarini, ng'ombe wakachinjwa. Msiba ulikuwa wa heshima, nakiri. Lakini bei ya ng'ombe mmoja kati ya wale ingemrudishia macho, na angebaki na chenji ya kununua kanga ya mkewe.

Sitaki tuache kuzikana vizuri. Kuzikana ni utu. Ninachosema ni kwamba ukoo unaoweza kukusanya fedha zile ndani ya saa ishirini na nne, ulikuwa na uwezo wa kuzikusanya babu akiwa hai. Daftari la msiba lilikuwepo siku zote.

Sera zetu zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003, na mabango ya kumpisha mzee yamebandikwa kwenye zahanati nyingi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini wazee wanajua kinachotokea dirishani. Unaonwa bure, unaandikiwa, unaambiwa dawa hakuna, kanunue duka la mbele. Bibi ameuza kuku mmoja kwa ajili ya bodaboda ya kuja. Kuku wa dawa hana. Anarudi na karatasi. Karatasi ile anaihifadhi chini ya godoro, imekunjwa vizuri, kwa sababu anaamini iko siku itafaa.

Hapo ndipo tunafika kwenye fedha. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60 kwa lazima, au 55 kwa hiari, na anapata pensheni. Ni haki yake. Lakini mkulima wa pamba? Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania. Kuna wazee hapa waliolima pamba tangu enzi za vyama vya ushirika vya kwanza, wakaibeba kwa vichwa, wakaipeleka kwenye mzani, wakakatwa ushuru kila msimu. Fedha za kigeni za nchi hii changa, kwa miaka mingi, zilitoka kwenye migongo yao. Wakafika miaka 60, hakuna aliyewaita kuwaambia ahsante. Mkulima hastaafu, anaendelea kushika jembe hadi siku linapomshinda, na kuanzia siku hiyo anaitwa mzigo.

Wengine wameanza kulitazama hili kwa jicho jingine. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mvuvi, mkulima wa karafuu au mama wa nyumbani, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Kenya mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee waliofika 70 shilingi 2,000 za kwao kila mwezi kupitia Inua Jamii. Sisi Bara tuna TASAF na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ambao umewafikia wazee wengi. Ila mzee hupata kwa kuwa kaya yake ni maskini, na kaya hiyo lazima iingie kwenye orodha. Kupata kwa sababu umezeeka baada ya kuitumikia nchi ni jambo tofauti, na mimi naona linawezekana.

Fedha kidogo inaleta nini kwa mzee? Kuna jibu kutoka Muleba, mkoani Kagera. Mwaka 2003 shirika linaloitwa Kwa Wazee lilianza kuwapa wazee wa Nshamba pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi waliolea wajukuu yatima baada ya Ukimwi kuwachukua wazazi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu walivyonunua: chumvi, sabuni, viatu vya shule. Fikiria. Mzee anapata senti zake, na katika vitu vya kwanza kumjia akilini ni viatu vya mjukuu. Wanaoogopa kwamba wazee watakula fedha za serikali bure wamtazame yule bibi.

Kwetu pia mabibi wanalea. Wasukuma tumetawanyika na ng'ombe wetu, tumefika Rukwa, Usangu, Kilombero, hadi Lindi, na vijana wengine wako migodini Geita au wanaendesha bodaboda Mwanza. Nyumbani wamebaki wazee na watoto wa darasa la kwanza. Wazee hao ndio wanaoamka saa kumi na moja kuchemsha uji. Halafu tunasema wazee ni tegemezi.

Sisemi mzee apumzishwe asifanye chochote. Ukimkalisha namhala, mzee wetu, kwenye kiti asubuhi hadi jioni, hana wa kumuuliza neno, anakufa kabla ya siku zake. Mzee anataka kazi ya kipimo chake. Mwache achunge ndama wawili. Mwache amfundishe kijana wa chama cha ngoma cha Bagika au Bagalu jinsi ngoma ilivyochezwa wakati watu walikuja kwa miguu toka Ntuzu hadi Magu kushindana. Muulize mpaka wa shamba ulipita wapi kabla ya vijiji vya ujamaa. Anajua, na kesi nyingi za baraza la ardhi zingeisha pale.

Zipo hatua ambazo hazisubiri bajeti ya Dodoma. Msimu wa kuuza pamba, fedha zinapoingia, kabla hujanunua bati au pikipiki, toa nauli ya macho ya mzee. Baba uliye hai na mwenye nguvu, nenda ofisi ya kijiji uulizie hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la mkeo liandikwe pamoja na lako. Andika wosia ukiwa mzima, wanao wakishuhudia, ndugu zako wakishuhudia. Ninyi vijana mnaojenga, mjengeeni mama jiko lenye dirisha na bomba la moshi. Udongo, nyasi na maji vinatosha, mafundi wa majiko banifu wapo.

Na wewe bibi yangu unayenisikiliza peke yako, maneno yakianza kuzunguka juu yako, usinyamaze ukidhani yatapita. Usisubiri giza. Nenda mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Mwambie mchungaji, mwambie shehe, mwambie mwalimu wa mjukuu wako. Wataje wanaokutisha kwa majina. Waambie watu wengi iwezekanavyo, jua likiwa juu.